Darubini Imerudi Juu ya Bunduki, Nani Athibitishe Shabaha?

ASKARI WA WANYAMAPORI: Nianze mimi, maana bunduki ni ya kituo chetu. Ni ya kaliba .375, ya kufuli la kuvuta kwa mkono, na ina darubini. Masika yaliyopita unyevu na chumvi ya bahari vilikula chini ya ringi zinazoshika darubini, ikabidi darubini itolewe, reli isuguliwe kutu, ndipo irudishwe. Imerudi na imekazwa, lakini hakuna anayejua inatazama wapi. Nimeomba tununuliwe leza ya kuingiza chemba. Ina umbo la risasi: unaiweka, unafunga kufuli, doa linatokea mdomo wa mtutu hadi ukutani, nawe unasogeza msalaba wa darubini mpaka ukutane na doa. Kazi imekwisha bila mlio na bila kupoteza risasi. Sioni kwa nini jambo hili lizue ubishi.

MWINDAJI BINGWA: Linazua ubishi, kijana wangu, kwa ajili ya hayo maneno yako ya mwisho. Leza inakuonyesha mtutu unaelekea wapi bunduki ikiwa imelala kimya. Risasi inakokwenda ni habari nyingine. Risasi ya .375 ya greni 300, yaani gramu 19 na ushei, inatoka kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Bunduki huanza kupiga teke kabla risasi haijautoka mtutu, mtutu wenyewe unatetemeka, na risasi ikishatoka inaanza kuanguka pale pale. Doa la leza halina uzito wala teke. Nimeona bunduki zikiachana na doa kwa shubiri nzima kwenye mita 100, na wenye bunduki hizo walikuwa wameapa kwamba ziko sawa.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Hakuna aliyesema nitaingia porini na doa peke yake. Nitapiga moja au mbili za kuthibitisha.

MWINDAJI BINGWA: Moja au mbili? Moja haithibitishi kitu. Mbili zikiachana hujui uamini ipi. Sema tatu, kisha kliki za kurekebisha kwenye vifundo vya darubini, kisha tatu nyingine. Sasa leza imekuokolea risasi ngapi?

FUNDI WA SILAHA: Wazee wangu, mmerukia doa wakati skrubu bado. Darubini inayotoka na kurudi inarudi na mambo mengi. Bunduki nyingi za chapa ya Brno, kama hii yenu, zina reli iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki yenyewe, na ringi zinaibana reli hiyo kwa pembeni. Teke la .375 linairudisha bunduki nyuma kwa ghafla huku darubini, kwa uzito wake, ikitaka kubaki pale ilipokuwa. Kwa hiyo ringi zinasukumwa kwenda mbele kidogo kidogo. Ringi isipokaa vizuri leo, shabaha uliyoiweka leo kesho haipo. Kwanza napangusa mafuta yote kwenye reli na kwenye matundu ya skrubu, kwa sababu skrubu yenye mafuta inaidanganya bisibisi ya kipimo: unadhani umekaza kiasi kinachotakiwa, kumbe umepitiliza na umeuminya mwili wa darubini. Skrubu za ringi hazitaki nguvu za kukaza gurudumu. Nyingi ni nyutoni-mita 2 hivi, na mtengenezaji ameandika kipimo chake. Nikimaliza napaka kistari cha rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye ringi. Kistari kikikatika, skrubu imezunguka, na hapo usiniletee habari ya leza.

MWANDISHI: Tuseme skrubu zote zimekaa sawa. Umeletewa bunduki mezani, unaanza na nini?

FUNDI WA SILAHA: Jicho. Natoa kufuli, nalaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga ikae bila kushikwa, nachungulia kutokea nyuma ya mtutu. Kwenye mita 25 au 50 nimebandika duara jeusi. Kupitia mtutu naona duara la mwanga, na ndani yake lile jeusi. Nasogeza mifuko mpaka jeusi likae katikati kabisa, weupe uwe sawa pande zote. Jicho la binadamu ni hodari mno wa kuona duara ndani ya duara. Likipotoka kidogo tu unajua. Halafu, bila kuigusa bunduki, natazama kwenye darubini na kuzungusha vifundo mpaka msalaba uangukie duara lile lile. Hakuna betri wala chombo cha kununua. Kwenye mita 25 risasi ya kwanza inakwenda kwenye karatasi.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Hiyo ni kwa bunduki ya kufuli. Silaha za doria za nusu otomatiki huwezi kuzichungulia kutokea nyuma.

FUNDI WA SILAHA: Kweli, AK huwezi. Lakini hiyo haivai darubini, na kiboko hapigwi nayo. Tunaongea juu ya .375.

MWINDAJI BINGWA: Na kuna sababu ya kuwa .375. Kwa nyati na wakali wenzake, hicho ndicho kipimo cha chini tunachoruhusiwa hapa nchini. Tangu Holland & Holland wa London waitoe mwaka 1912, imekuwa bunduki ya watu wanaotakiwa kupiga mara moja na kumaliza. Bunduki ya namna hiyo haipimwi kwa tochi.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Mzee, naomba nikukatishe. Wewe ukitaka kupima bunduki unakwenda na gari, una sanduku la risasi, na mgeni wako amelipia. Risasi zangu zimeandikwa kitabuni. Nikipewa tano, narudisha tano, au narudisha maganda na maelezo. Tena siwezi kufyatua mahali popote. Huku Matipwili na vijiji vya mpakani mwa Hifadhi ya Saadani, mlio wa bunduki una maana moja tu, majangili wameingia. Lazima polisi wajue, serikali ya kijiji ijue, na wenzangu wa hifadhi wajue, la sivyo doria mbili zitakutana vichakani kila moja ikidhani nyingine ni adui.

MWINDAJI BINGWA: Hayo nayajua. Lakini yanahusu ruhusa, hayahusu leza.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Yanahusu leza moja kwa moja. Angalia nchi yenyewe. Kutoka Bagamoyo mpaka Saadani ni tambarare. Hatuna mlima wa kuzuia risasi. Upande mmoja bahari na wavuvi, upande mwingine mashamba ya chumvi na watu wamo ndani wanakwangua. .375 ikikosa kingo inakwenda kilomita kadhaa. Darubini imerudishwa leo, sijui inatazama juu au chini, halafu nipige ya kwanza kwa kubahatisha? Leza inanihakikishia kwamba hiyo ya kwanza, ambayo ndiyo ya hatari kuliko zote, itaingia kwenye tuta la mchanga.

FUNDI WA SILAHA: Hapo umesema neno zito, na silipingi. Ila jicho nalo linakupa hakikisho hilo hilo kwenye mita 25.

MKULIMA: Mimi nimekaa kimya nikiwasikiliza wanaume mnavyopenda vyuma. Nina mpunga kando ya Mto Wami. Kiboko akipanda usiku mmoja, anachokula ni kidogo kuliko anachokanyaga. Tunapiga madebe, tunawasha moto, askari wanaleta mabomu baridi, anarudi majini. Kesho yake yuko pale pale. Huyu mmoja ameshazoea. Juzi alimkimbiza kijana mpaka juu ya mwembe. Nasikia bunduki iko kituoni lakini haiendi, kisa darubini. Nauliza: hiyo leza inaifanya itoke lini?

ASKARI WA WANYAMAPORI: Siku ile ile, mama. Ndiyo hoja yangu.

MWINDAJI BINGWA: Na ndiyo hofu yangu. Mama, niwie radhi nikueleze jinsi kiboko anavyopigwa. Mchana yumo majini, yaliyo juu ni macho, masikio na pua. Ubongo wake ni mdogo sana ukilinganisha na kile kichwa. Unapiga kutoka ukingoni, labda mita 40. Chukua ile shubiri niliyoitaja: sentimita 20 za kosa kwenye mita 100 ni sentimita 8 kwenye mita 40. Sentimita 8 zinatosha kuukosa ubongo na kuvunja taya. Sasa sikiliza hili. Kiboko aliyekufa anazama, haibuki mpaka gesi imjae tumboni, saa nzima au zaidi. Kiboko aliyejeruhiwa naye anazama. Pale ukingoni hujui yupi ni yupi.

MKULIMA: Na sisi maji tunachota pale pale.

MWINDAJI BINGWA: Ndiyo maana nikakwambia.

MKULIMA: Usiniambie tu, mzee. Nijibu. Mwenye taya lililovunjika atakaa wapi? Atapanda shambani kwa nani? Maana akiua mtu mtatuletea kifuta machozi, na kifuta machozi hakimrudishi mtu. Hata kifuta jasho cha mpunga tunakingoja mpaka msimu mwingine unaingia.

MWANDISHI: Naingilia kidogo, kwa sababu swali la mama lina upande wa sheria. Mwenye kujeruhi mnyama haruhusiwi kugeuka na kwenda zake. Anatakiwa kumfuata na kummaliza, na kutoa taarifa. Kwa mtu wa kando ya Wami hilo maana yake ni watu wazima kuingia kwenye matete na mamba wakiwamo, kumtafuta mnyama mwenye maumivu. Ninapowasikia wakibishana juu ya sentimita 8, kwangu huo si ubishi mdogo.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Atakayeingia kwenye matete ni mimi. Msifikiri nimesahau.

FUNDI WA SILAHA: Basi tuitazame leza yenyewe, maana mzee anaishutumu kwa kosa ambalo si lake, na askari anaisifia kwa uwezo ambao haina. Ya chemba ina matatizo matatu. La kwanza, chemba ina nafasi. Risasi halisi inapata nafuu kwa sababu mistari ya mtutu inaishika na kuinyoosha. Leza haina wa kuinyoosha, inalala upande ilipoangukia. La pili, taa iliyomo ndani mara nyingi haikai katikati ya ganda lake. La tatu ni la bunduki za mtindo wa Mauser, na Brno kubwa nyingi zimo humo: kucha la kuvuta ganda ni refu, linataka risasi ipande kutoka kwenye magazini na kuteleza chini yake. Ukidondosha leza moja kwa moja chembani na kulazimisha kufuli, ama halifungi, ama kucha linaisukuma leza upande mmoja, doa linahama na wewe huna habari.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Kwa hiyo haifai?

FUNDI WA SILAHA: Sijasema haifai. Nasema ipime kabla hujaiamini. Bunduki ikiwa imetulia kwenye mifuko, weka leza, tia alama ya kalamu ukutani doa lilipo. Zungusha leza robo mzunguko ndani ya chemba, tia alama. Robo nyingine, alama. Ya nne, alama. Alama nne zikiangukiana, una leza nzuri. Zikichora duara, kweli iko katikati ya duara, na msalaba unaupeleka hapo katikati, huulazi juu ya doa lolote kati ya yale manne. Kazi hii ifanyike kufuli likiwa nje, ili kucha lisiingilie. Anayeuza leza hatakwambia haya.

MWINDAJI BINGWA: Na jua je? Leza nyekundu saa sita mchana Bagamoyo, ukuta mweupe, doa hulioni.

FUNDI WA SILAHA: Ya kijani inaonekana zaidi. Au unangoja magharibi, au unatumia ukumbi mrefu wenye kivuli. Hilo si tatizo kubwa.

MWANDISHI: Doa likishapatikana kwenye mita 25, msalaba unalazwa juu yake au juu kidogo?

FUNDI WA SILAHA: Swali zuri, wengi wanakosea hapo. Darubini iko sentimita 4 hivi juu ya mtutu. Ukiulaza msalaba juu ya doa kwenye mita 25, mistari miwili inakatana pale, kisha mstari wa mtutu unaendelea kupanda: kwenye mita 100 uko sentimita 12 juu ya msalaba. Hadi hapo risasi ya .375 imeanguka karibu sentimita 9. Kwa hesabu tupu, itapiga sentimita 3 juu. Kwa bunduki ya kaliba hii hesabu inakubali vizuri. Kwa bunduki nyingine haikubali, na kwa hii pia lile teke na mtetemo anaousema mzee havimo kwenye hesabu. Jambo jingine: darubini nyingi zimetengenezwa zitazame mita 100 na kuendelea. Kwenye mita 25 ukisogeza kichwa, msalaba nao unahama juu ya shabaha. Kwa hiyo jicho likae katikati ya kioo, usichungulie kwa pembeni.

MWINDAJI BINGWA: Sasa mniruhusu niseme ninachotumia mimi, maana mnadhani nachukia vyombo vyote. Natumia kolimata. Kichuma chembamba kinaingia mdomo wa mtutu, juu yake kuna kioo chenye mistari ya miraba, unaitazama kwa darubini yako mwenyewe. Haina betri. Miraba unaiona kama iko mbali sana, hivyo hayo mambo ya msalaba kuhama kwenye mita 25 hayapo. Na uzuri wake ni huu: siitumii kutafuta shabaha. Naitumia kuikumbuka.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Fafanua, mzee.

MWINDAJI BINGWA: Mgeni akifika na bunduki yake, tunapiga karatasi kwanza mpaka niridhike. Bunduki ikiwa sawa kabisa, naweka kolimata, naangalia msalaba umeangukia mraba gani. Naandika daftarini: miraba miwili kulia, mmoja na nusu juu. Basi. Tukisafiri kutwa nzima kwenye barabara ya makorongo, gari likarusha sanduku, jioni naweka kolimata tena. Msalaba uko palepale? Tunalala. Umehama? Kesho hakuna uwindaji mpaka tupige karatasi. Hata darubini ikitolewa na kurudishwa, naurudisha msalaba kwenye mraba wake na ninajua niko karibu sana na nilipokuwa.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Hiyo inafaa kwa mtu aliyeandika kabla. Darubini yetu ilitolewa bila mtu kuandika chochote.

MWINDAJI BINGWA: Kwa hiyo leza yako nayo inaanza gizani.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Inaanza kwenye mtutu! Mtutu haujahama. Kolimata bila daftari inanipa nini zaidi ya leza?

FUNDI WA SILAHA: Haikupi zaidi, hapo askari ameshinda. Na niongeze: leza pia inaweza kuwekewa daftari. Bunduki ikishakubaliwa kwa risasi, washa leza, chora ukutani kwenye karatasi moja doa lilipo na msalaba ulipo, andika umbali, hifadhi karatasi. Miezi mitatu baadaye rudia umbali ule ule. Timazi ya mwashi inakwambia ukuta umesimama wima. Kwamba nyumba ilijengwa mahali pake, hilo ulipaswa kulijua tangu msingi. Vyombo hivi navyo ni hivyo hivyo.

MWINDAJI BINGWA: Ila kolimata haiingii kwenye mabishano ya chemba na kucha.

FUNDI WA SILAHA: Inaingia kwenye mengine. Kile kichuma cha kuingiza mdomoni, kikiwa cha chuma kigumu na kikazungushwa kila jioni, kinakwangua ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukingo huo ndio mwisho wa kuigusa risasi, ukiwa na kovu risasi inatoka imepotoka. Nimeona mitutu mizuri iliyoharibiwa pale pale. Ziko za sumaku, hazikwangui, lakini zinataka mdomo uliokatwa sawasawa, na kila ukizibandika zinaweza kukaa tofauti kidogo. Na kuna hatari ambayo sitaki kuipita haraka. Chochote kinachokaa mdomoni mwa mtutu, iwe kolimata au leza ya mdomoni, siku moja mtu atakisahau mle. Ukifyatua .375 kikiwa ndani, mtutu unavimba au unapasuka mkononi mwako. Kwangu sharti ni moja: chombo kikiwa mdomoni, kufuli liko mezani mbele ya macho yangu. Halirudi kwenye bunduki mpaka chombo kimerudi kwenye boksi lake. Bunduki isiyo na kufuli haifyatuki.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Na ndiyo sababu nyingine ya kutaka ya chemba. Ikiwa imekaa mahali pa risasi, risasi haina pa kukaa. Kwenye kituo bunduki moja inashikwa na watu wengi, zamu zinabadilika usiku. Mzee ana bunduki yake na daftari lake na kichwa kimoja. Sisi tuna vichwa vingi. Chombo chetu lazima kiwe kile ambacho mtu aliyechoka hawezi kukitumia vibaya.

MWINDAJI BINGWA: Hapo sina jibu zuri. Nakubali.

MKULIMA: Mbona mnakubaliana na bunduki bado iko ndani?

MWINDAJI BINGWA: Tumekubaliana juu ya kukisahau chombo mdomoni, mama, siyo juu ya kutoka. Bado nasema: leza au jicho, chombo kinakufikisha kwenye karatasi, na karatasi lazima ipigwe. Kwanza mita 25, hadi risasi tatu zikae pamoja. Kisha mita 100. Kliki nyingi ni robo ya dakika ya nyuzi, milimita 7 hivi kwenye mita 100, chini ya milimita 2 kwenye mita 25. Askari akizungusha kliki nne kwenye mita 25 akidhani ataona sentimita 3, ataona milimita 7, atazungusha tena, atapotea. Haya hayajulikani ukutani kwa doa, yanajulikana kwa matundu.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Kwa kiboko wa mita 40 sihitaji mita 100.

FUNDI WA SILAHA: Unahitaji mita 40, basi. Piga mita 25, kisha mita 40 au 50, palepale utakapofanyia kazi. Mzee anapima kwa ajili ya nyati wa uwanda wazi; wewe unapima kwa ajili ya mto.

MWINDAJI BINGWA: Leo mto. Kesho mtapigiwa simu ya tembo kwenye mashamba ya Mkange na bunduki itakuwa hiyo hiyo.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Tembo tunamfukuza kwa mabomu baridi na kelele. Akilazimu kabisa, tunatoa bunduki nyingine, ya .458, na hiyo haina darubini; inalengwa kwa alama zake za chuma za kulengea, na iko sawa.

MWANDISHI: Turudi kwenye fedha, kwa sababu ombi liko mezani kwa mtu anayesaini. Leza ni ununuzi wa mara moja, risasi ni za kila mara. Mwenye kusaini akisikia kwamba leza inaokoa risasi, atanunua leza na kupunguza risasi. Je, hilo mmelifikiria?

MWINDAJI BINGWA: Ndilo lililonileta hapa! Si chombo ninachokiogopa, ni karatasi itakayoandikwa baada yake. "Kituo kina leza, hivyo risasi za mazoezi hazihitajiki." Siku karatasi hiyo itakapoandikwa, askari huyu ataingia kwenye matete na bunduki iliyopimwa na taa.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Mzee, na bila leza wanaandika nini leo? Risasi za mazoezi hazipo, leza haipo. Tunakwenda na bunduki ambayo haikupimwa na chochote. Wewe unalinganisha leza na risasi sita. Mimi nalinganisha leza na patupu.

FUNDI WA SILAHA: Ulinganishe na jicho. Jicho lipo leo na halihitaji saini ya mtu.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Jicho lako, fundi. Umefanya kazi hii tangu ujana wako. Kijana aliyetoka mafunzoni juzi akichungulia mtutu na akaniambia duara liko katikati, mimi nitajuaje? Doa ukutani naliona mimi, analiona yeye, analiona na mkuu wetu. Tunaweza kubishana tukiwa tunatazama kitu kimoja.

FUNDI WA SILAHA: Mfundishe. Asubuhi moja inatosha. Kisha mwambie mwenzake achungulie bila kuambiwa, waandike kila mmoja alichoona. Wakipishana, warudie. Watu wawili wenye macho wanaweza kukaguana vizuri kuliko unavyofikiri. Na betri ikiisha wakiwa Saadani, na soko la Kariakoo liko mbali, jicho ndilo litakalobaki.

MKULIMA: Niseme langu, kisha mnijibu. Mwanzo nilitaka bunduki itoke leo. Baada ya kumsikia mzee habari ya taya, sitaki itoke kabla haijapigwa karatasi. Bora mpunga ulale kuliko kumwacha kiboko mwenye kidonda pale wanangu wanapochota maji. Lakini pia sikubali iwe sababu ya kutokuja kabisa. Tumeshasikia sababu nyingi: gari halina mafuta, kibali hakijafika, darubini imetoka. Kama risasi za karatasi ni tatu, kijiji kitoe ushahidi kwamba zimepigwa. Mwenyekiti aje, ahesabu maganda, atie sahihi pamoja na askari. Asiyetaka kutoa risasi aseme mbele yetu kwamba hatoi.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Mama, mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka juu ya risasi za serikali.

MKULIMA: Kuhesabu maganda hakutaki mamlaka. Anayajua maganda. Huyaokota shambani mkishaondoka.

MWINDAJI BINGWA: Hilo la mama linanipendeza kuliko vyombo vyote tulivyotaja. Shahidi asiyetoka kituoni wala kwangu.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Linaweza kunipendeza hata mimi, mradi anayesaini ghalani akubali. Nikimwambia nataka leza na risasi tatu, atanipa kimojawapo. Nichukue kipi? Nataka mnijibu, msiniambie vyote viwili.

MWINDAJI BINGWA: Risasi.

FUNDI WA SILAHA: Risasi, kwa kuwa jicho utalipata kwangu bure.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Na mwaka ujao, fundi, wewe ukiwa hupo, darubini ikatolewa tena kwa kutu, na risasi tatu zilikwishapigwa mwaka huu?

MWINDAJI BINGWA: Mtaomba nyingine.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Umewahi kuomba, mzee?

FUNDI WA SILAHA: Tusifike huko. Nileteeni bunduki Jumatano asubuhi kabla upepo wa bahari haujaanza, pamoja na vijana wawili wa kufundishwa na risasi mlizonazo, hata kama ni mbili. Mzee aje na kolimata yake, tukishaikubali bunduki tuandike mraba daftarini, mpate angalau kumbukumbu moja. Ombi la leza liacheni palepale lilipo, msilifute.

MKULIMA: Jumatano nitakuwepo. Na mwenyekiti nakuja naye.